Kenda Shika na Kumi Nenda Urudi: Yale Tunayoachiwa Nje Katika Kisa cha Pipi

Katika semina za ujasiriamali, katika vipindi vya redio vya asubuhi, na mara nyingine hata katika mahubiri, kuna kisa kimoja cha kisaikolojia ambacho wasimulizi wetu hawachoki kukirudia. Mtoto wa miaka minne anakalishwa ndani ya chumba kitupu, mbele yake mezani pana pipi moja, na mtu mzima anamwambia kwamba anatoka kidogo, na kwamba endapo atarudi na kuikuta pipi haijaliwa, atamwongezea ya pili. Wapo watoto wanaosubiri, na wapo wanaoila kabla mlango haujafungwa sawasawa. Msimulizi humalizia kwa kutangaza kwamba waliosubiri walikuja kuwa watu wa mafanikio na walioshindwa wakabaki nyuma, kisha hutugeukia sisi wasikilizaji na kutuuliza tumo katika kundi lipi. Wengi hutoka hapo wameinamisha vichwa, kwa sababu kila mmoja anazijua pipi alizokula kabla ya wakati wake: mshahara ulioisha tarehe 10, kitabu kilichoachwa ukurasa wa ishirini, simu iliyoshikwa mpaka saa nane za usiku.

Kisa hicho ni cha kweli kwa sehemu. Sehemu inayoachwa nje ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kuwa inabadilisha kwa kiasi kikubwa namna tunavyowahukumu watoto wetu na namna tunavyojihukumu wenyewe.

Mwenye jaribio hilo alikuwa Walter Mischel, aliyezaliwa Vienna mwaka 1930, akakimbia pamoja na familia yake baada ya Wanazi kuitwaa Austria mwaka 1938, na hatimaye akawa mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford katika jimbo la California. Kuanzia miaka ya 1960 yeye na wenzake waliwachunguza watoto wa shule ya awali iliyokuwa ndani ya chuo hicho, wakitumia biskuti, vitafunio vya chumvi, na zile pipi laini za marshmallow ambazo ndizo zilizolipatia jaribio jina lake. Mischel hakuwa akitafuta mtoto shujaa ni yupi. Alitaka kujua mtoto anayefaulu kusubiri huwa anafanya nini katika dakika zile za upweke, na jibu lilimjia mapema. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1970, watoto walioachiwa vitu vyote mbele ya macho yao walisubiri kwa wastani wa dakika 1 hivi, ilhali wale ambao vitu hivyo vilifichwa walisubiri kwa wastani wa zaidi ya dakika 11. Umri ulikuwa uleule, shule ileile, na kilichotofautiana ni kifuniko tu. Utafiti wa mwaka 1972 ukaongeza kwamba mtoto aliyepewa jambo la kufurahisha la kuwaza alisubiri kwa muda mrefu kuliko yule aliyeambiwa akiwazie kile kitafunio. Wengine walijitungia mbinu wenyewe: walifumba macho kwa viganja, waliimba nyimbo za kubuni, waligeuza viti na kuutazama ukuta.

Kwa hiyo hata katika chimbuko lake, jaribio hili halikuwa likipima ukubwa wa moyo wa mtu. Lilikuwa likionyesha kwamba subira ya mtoto yuleyule hurefuka na kufupika kulingana na mahali macho yake yalipoelekezwa. Sijawahi kumsikia msemaji wa semina akiitaja habari ya kifuniko.

Lile linalotajwa, yaani utabiri wa mafanikio, lilitokana hasa na ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 1990, ambapo watoto wale walikwishakuwa vijana, na wale waliosubiri kwa muda mrefu zaidi walionekana kupata alama za juu katika mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani. Uhusiano huo ulikuwa mkubwa, lakini ulipimwa kwa vijana 35 tu waliokuwa wamefanyiwa jaribio katika hali moja mahususi, tena wengi wao wakiwa watoto wa wahadhiri na wanafunzi wa chuo kimoja chenye uwezo. Watafiti wenyewe waliandika kwa tahadhari, ila tahadhari haisafiri mbali kama hadithi inavyosafiri. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake wawili walirudia hesabu hiyo kwa kutumia takwimu za watoto zaidi ya 900 wa Marekani, wakitilia mkazo wale ambao mama zao hawakuwa na shahada. Uhusiano uliokuwapo ulikuwa kama nusu ya ule wa awali, na walipozingatia hali ya familia, mazingira ya nyumbani na uwezo wa kiakili wa mtoto tangu utotoni, ulipungua kwa theluthi mbili. Tena sehemu kubwa ya tofauti iliyobaki ilikuwa kati ya watoto walioweza kungoja angalau sekunde 20 na wale ambao hawakuzifikia, jambo ambalo ni vigumu kuliita siri ya mafanikio maishani. Utafiti mwingine wa mwaka 2024, uliowafuata washiriki mpaka walipotimiza miaka 26, haukuona kwamba jaribio lile la utotoni linatabiri kwa uhakika maisha yao ya utu uzima.

Hapo ndipo mtu angeweza kusema basi, kisa kimekufa, tukizike. Mimi naona kwamba hapo ndipo kinapoanza kuwa na manufaa, kwa sababu swali linageuka. Ikiwa kusubiri si kipaji ambacho wengine wamezaliwa nacho na wengine wamekikosa, basi mtoto husubiri kwa sababu gani?

Celeste Kidd alilijia swali hilo kwa njia isiyo ya kawaida. Kabla ya kuwa mtafiti aliwahi kujitolea katika makazi ya muda ya familia zisizo na nyumba, mahali ambapo mtoto akipewa kitu hajui kama dakika tano baadaye kitakuwa bado mikononi mwake, na akajiuliza watoto wa pale wangefanya nini mbele ya ile pipi. Alikisia kwamba wangeila mara moja, na kwamba kwa kufanya hivyo wangekuwa na akili timamu kabisa. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Rochester, aliandaa pamoja na wenzake jaribio lililochapishwa mwaka 2013, ambalo kwangu mimi ndilo lenye mafunzo makubwa kuliko lile la Stanford lenyewe.

Walichukua watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano na kuwagawa katika makundi mawili sawa. Kila mtoto alianza kwa kazi ya kuchora, akiwa amewekewa chombo chenye kalamu za rangi zilizokwishatumika, na mtafiti akamwambia kwamba akipenda anaweza kuzitumia hizo, au asubiri aletewe seti mpya na kubwa zaidi. Chombo chenyewe kilikuwa kigumu kufunguka, kwa hiyo kila mtoto alijikuta akisubiri. Kwa kundi la kwanza mtafiti alirudi na kalamu mpya kama alivyosema. Kwa kundi la pili alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba kumbe hazikuwapo, na kumhimiza mtoto atumie zilezile kuukuu. Mchezo ukarudiwa kwa vibandiko vya picha: mtoto akaonyeshwa kimoja kidogo, akaahidiwa vizuri zaidi, na kwa mara nyingine kundi la kwanza likatimiziwa na kundi la pili likaombwa radhi. Baada ya hapo ndipo ilipoletwa pipi, pamoja na ahadi ileile ya siku zote. Watoto waliotimiziwa walisubiri kwa wastani wa dakika 12 na sekunde 2. Walioangushwa walisubiri dakika 3 na sekunde 2. Kati ya 14 wa kundi la kwanza, 9 walifika mwisho wa dakika 15 bila kuila pipi. Katika kundi la pili alifika mmoja.

Watoto hawa hawakuwa wamelelewa tofauti, wala hawakuwa wamechaguliwa kwa tabia. Waligawanywa kwa kura, na ilitosha wavunjiwe ahadi mbili ndogo, tena kwa upole na kwa kuombwa radhi, ili subira yao ishuke mpaka robo. Wahenga wetu wangelielewa jaribio hili bila kuelezwa, maana pamoja na kutuachia kwamba mvumilivu hula mbivu, walituachia pia kwamba heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi. Methali hizi mbili hufundishwa kana kwamba zinapingana, na mwanafunzi huachwa achague ile inayofaa insha yake. Kwa maoni yangu hazipingani hata kidogo. Ya kwanza ni ya mtu anayejua kwamba mti ni wake na ukuta haujabomoka, na ya pili ni ya mtu ambaye amekwisha kwenda na kurudi, akakuta mlango umefungwa.

Tukiyatazama mambo ya nyumbani kwa jicho hilo, kuna desturi moja tunayoifanya karibu kila siku bila kuihesabu. Mama anatoka asubuhi kwenda kazini au sokoni, mtoto anashika kanga yake na kulia, na mama ili apate kuondoka anasema, "Nyamaza, mwanangu, nitakuletea zawadi." Mtoto ananyamaza, anaachia ile kanga, anasimama mlangoni. Jioni mama anarudi amechoka, hana zawadi, na pengine hakumbuki kabisa kwamba aliahidi. Mtoto akiuliza anaambiwa duka lilikuwa limefungwa, au anapewa ahadi ya kesho. Mama huyu si mwongo katika maana tunayoijua ya neno hilo, na mtu yeyote aliyewahi kuachana na mtoto anayelia mlangoni anamwelewa. Hata hivyo mtoto anaweka kumbukumbu. Baada ya miezi kadhaa mtoto huyohuyo akila vitumbua vyote wakati mmoja badala ya kubakiza vya jioni, tunasema ana pupa, na tunamtafutia methali ya subira. Tunajua wote kwamba ahadi ni deni, lakini kwa kawaida tunalihesabu deni hilo pale tu anayetudai anapokuwa mtu mzima mwenzetu.

Ipo hatari, hata hivyo, ya kuligeuza jaribio la Kidd kuwa fimbo mpya ya kuwachapia wazazi, hasa wale ambao hawavunji ahadi kwa kupenda. Baba anayeendesha bodaboda hawezi kujua asubuhi atarudi na shilingi ngapi jioni, na hakuna saikolojia itakayombadilishia jambo hilo. Anachoweza ni kupunguza ukubwa wa ahadi mpaka ilingane na kile kilicho mikononi mwake, na kumwambia mtoto ukweli pale ambapo hakuna. Ahadi ndogo iliyotimizwa, kama ile ya kusimulia hadithi kabla ya kulala, humwekea mtoto hazina ileile ambayo ingewekwa na ahadi ya baiskeli.

Utafiti mwingine unaonihusu zaidi kama Mwafrika ulifanyika miongoni mwa Wanso, jamii ya wakulima wa kaskazini magharibi mwa Kamerun. Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao walilinganisha watoto 76 wa Kinso na watoto 125 wa Kijerumani wa tabaka la kati, wote wakiwa na umri wa miaka minne, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Wajerumani walipewa pipi au chokoleti, na Wanso wakapewa puff-puff, yale maandazi madogo ya mviringo yanayokaangwa katika mafuta mengi, ambayo mtu wa pwani akiyaona atadhani ni kalimati zilizosahauliwa shira. Muda wa kusubiri ulikuwa dakika 10. Miongoni mwa Wajerumani walioweza kufika mwisho walikuwa asilimia 28, na miongoni mwa Wanso walikuwa karibu asilimia 70.

Namna walivyosubiri inashangaza kuliko hesabu yenyewe. Watoto wa Kijerumani walihangaika kwa njia ambazo Mischel angezitambua mara moja: walizunguka, walijisemesha, waliimba, waligeuza migongo. Watoto wa Kinso walikaa tu. Hawakujinyonganyonga, hawakuonyesha uso wa mateso, na baadhi yao walipitiwa na usingizi pale pale kitini, andazi likiwa mbele yao. Watafiti walihusisha tofauti hiyo na malezi, kwa kuwa mama wa Kinso hutarajia mtoto ajifunze mapema kuzituliza hisia zake na kumsikiliza mkubwa, wakati mama wa Kijerumani humfuata mtoto na kumwachia aseme anachotaka.

Rafiki yangu mmoja nilipomsimulia habari hii alifurahi sana, akasema sasa Wazungu wamekubali kwamba malezi yetu ni bora. Mimi siendi naye mpaka huko. Mtoto anayekaa kimya mbele ya chakula kwa sababu mkubwa amesema akae anaweza kuwa anaonyesha adabu kuliko mpango wa siku zijazo, na adabu ni kitu chema, lakini si lazima imfuate pale mkubwa asipokuwapo. Ninachokichukua hapo ni kidogo zaidi na, kwa maoni yangu, ni imara zaidi: mtoto husubiri vizuri katika jambo ambalo watu wake wamemzoeza kulisubiri. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wa Kijapani, ambao kwao ni desturi kutoanza kula mpaka wote wawe tayari, walisubiri chakula kwa muda mrefu kuliko zawadi iliyofungwa, na watoto wa Marekani, waliozoea kuziacha zawadi zikae mpaka siku ya kuzifungua, wakafanya kinyume chake. Ukitaka mfano wa karibu, mtazame mtoto wetu wa miaka kumi mwezi wa Ramadhani, anavyoutazama mkate wa kumimina uliokwisha kupangwa mezani robo saa kabla ya adhana, na hagusi.

Sasa tuje kwa sisi watu wazima, ambao pipi zetu ni fedha. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi magharibi mwa Kenya na vyama vya kuchangiana, na wakachapisha matokeo mwaka 2013. Walitaka kujua kwa nini watu wanaojua umuhimu wa kuweka akiba kwa ajili ya afya, kwa mfano ya kununulia chandarua, hawaifikishi akiba hiyo. Kundi moja walilipatia sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wake, basi, na kitendo hicho peke yake kiliongeza matumizi ya fedha kwa vitu vya kinga ya afya kwa zaidi ya asilimia 60. Kundi jingine lilipewa sanduku ambalo ufunguo wake ulishikwa na watu wa mradi, lisifunguliwe mpaka fedha ya kitu kilichokusudiwa itimie. Mtu angetegemea kwamba sanduku hilo kali ndilo lingefanya kazi kuliko yote. Halikufanya hivyo: kwa wastani halikuongeza kinga hiyo, kwa sababu mtu huogopa kuzifungia fedha mahali ambapo hatazifikia mtoto akipandisha homa usiku. Njia iliyoleta ongezeko kubwa zaidi ni ile ambapo wanachama wenyewe walianzisha mfuko wa pembeni wa afya ndani ya chama chao, wakachangiana na kupokezana kama walivyozoea.

Lile sanduku la kwanza linanifundisha jambo ambalo vitabu vya nidhamu ya fedha hulikosa. Adui wa akiba katika nyumba zetu mara nyingi si tamaa ya mwenye fedha. Ni shemeji aliyekuja na shida ya kweli, ni jirani mwenye msiba, na ni vigumu kusema huna wakati noti ziko mfukoni na sauti yako inakusaliti. Fedha iliyo ndani ya sanduku imekwishapewa kazi, na mwenye sanduku anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba ile ni ya chandarua. Kibubu chetu cha mbao, kile kinachopigiliwa misumari pande zote na kuachiwa upenyo mmoja juu, nakiona kuwa kimekaa katikati ya yale masanduku mawili: hakina ufunguo wa kushikwa na mtu mwingine, lakini kukifungua ni lazima ukivunje, na ukikivunja mwezi wa tatu nyumba nzima inasikia.

Wale wanaosema kwamba watu wenye nidhamu wana nguvu za ndani zisizo za kawaida wanapingwa pia na utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2012, ambapo Wilhelm Hofmann na wenzake waliwauliza watu wazima mara kadhaa kwa siku kama wakati huo walikuwa wakipambana na tamaa yoyote. Waliojulikana kuwa na udhibiti mkubwa wa nafsi waliripoti mapambano machache kuliko wengine, jambo linaloeleweka ikiwa wamepanga siku zao kiasi kwamba majaribu hayawafikii. Yaani tumerudi kwenye kile kifuniko cha mwaka 1970.

Na kuhusu kujilaumu, kuna jambo moja la kuzingatia kwa afya ya akili. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa wameahirisha kujisomea kabla ya mtihani. Wale waliojisamehe kwa kuahirisha huko waliahirisha kidogo zaidi ulipokuja mtihani uliofuata, kwa kuwa hisia mbaya walizozihusisha na masomo zilipungua. Aliyekaa akijiita mvivu alikuwa na sababu moja zaidi ya kukikwepa kitabu, maana kila akikifungua anakutana kwanza na lile jina alilojipa.

Kuhusu vile vyama vya kuchangiana, kuna jambo ambalo akina mama wa mitaani wanalijua vizuri. Mahali ambapo mweka hazina aliwahi kutoweka na fedha za kikoba, hakuna mtu anayekubali tena mwezi unaofuata kuweka fedha zikae sandukuni mpaka mwisho wa mwaka, hata aliyechaguliwa awe mtu mwaminifu kiasi gani. Wanachorudi nacho ni upatu wa kiasi kidogo wa kila wiki, ambao fedha zinakusanywa, zinahesabiwa mbele ya wote na kukabidhiwa mwenye zamu siku hiyohiyo, ili asiwepo mtu wa kulala nazo. Zikipita zamu kadhaa bila mtu kukwepa, ndipo mmoja wao anapoanza kuzungumzia sanduku lenye kufuli tatu na funguo zake kushikwa na watu watatu tofauti.